Mama kavunjika pingili ya mgongo kwa osteoporosisi: achomwe simenti, awekewe vyuma au asubiri?

Swali: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 74. Wiki tano zilizopita aliinama kuokota kitu sakafuni akasikia kitu kimelia mgongoni, tangu siku hiyo kugeuka kitandani ni kilio na kukaa hawezi kupita dakika chache. Eksirei ilionyesha pingili ya L1 imebonyea, alafu mbili za juu yake nazo zimebonyea. Dokta wa kwanza alisema ni osteoporosisi akampa dawa za maumivu na mkanda wa mgongo. Wa pili anataka amchome simenti kwenye pingili zote tatu. Kaka yangu anasema tusizunguke, awekewe vyuma yaishe. Mama mwenyewe anaogopa kupooza. Tufanyeje? Na akishachomwa simenti ndio kapona, dawa zingine za nini tena?

Jibu: Marahaba dada, pole sana na umfikishie mama pole zangu. Nianze na jibu lenyewe maana najua mnasubiri kuamua. Kwa ulivyoeleza, vyuma hapana, na simenti kwenye pingili tatu kwa mpigo nayo hapana mpaka ijulikane ni pingili ipi hasa inayouma. Simenti kwenye pingili moja, ile iliyovunjika juzi, hiyo mimi naona ni kitu cha kufikiria kweli kwa mtu aliyefika wiki ya tano na bado hawezi kukaa, ila kabla ya hapo kuna kipimo lazima kifanyike na kuna kazi ya kupanga vizuri dawa za maumivu. Na hilo la kwamba akichomwa simenti kapona, hapana dada, hajapona, nitalifikia huko chini na naomba ulisome mara mbili.

Kwanza muelewe kilichotokea. Pingili ya mgongo ndani yake sio mfupa mgumu mtupu, ni vijiti vidogo vidogo vya mfupa vimesukwa kama sega la nyuki, osteoporosisi inakuja inavipunguza unene na vingine inavikata kabisa, kwahiyo pingili kwa nje inaonekana ni ile ile lakini ndani haina nguvu. Mtu akiinama uzito wote unahamia mbele ya pingili, na sehemu ya mbele ndio inayobonyea, nyuma inabaki na kimo chake, ndio maana ukitazama eksirei kwa ubavu unaona pingili imekaa kama kabari. Sehemu inayopenda sana kuvunjika ni pale mbavu zinapoishia, pingili ya mwisho ya kifuani na ya kwanza ya kiunoni, yaani T12 na L1, kwasababu hapo mgongo wa kifuani ambao haupindi sana unakutana na kiuno kinachopinda kila saa. Mama yako kavunjika pale pale ambapo wengi wanavunjika.

Na hapo hapo ndipo kuna jibu la hofu yake ya kupooza. Mishipa ya fahamu inapita nyuma ya pingili, na kwenye aina hii ya kuvunjika ukuta wa nyuma kwa kawaida unabaki salama. Kwahiyo kupooza kwa osteoporosisi peke yake ni kitu cha nadra, sio kwamba hakitokei, kinatokea pale ukuta wa nyuma unapopasuka na vipande vya mfupa vikarudi nyuma kwenye njia ya neva, au pale pingili inapoendelea kubonyea wiki hadi wiki bila mtu kufuatilia. Dalili zake mzijue wote hapo nyumbani: miguu kuanza kuishiwa nguvu au kuwa na ganzi, ganzi sehemu za siri na matakoni, mkojo kugoma kutoka au kutoka bila yeye kujua, choo hivyo hivyo. Ukiona moja tu kati ya hizo usisubiri kliniki ya wiki ijayo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo hata iwe usiku.

Sasa hizo pingili mbili za juu. Watu wengi wanashtuka wakiambiwa zimevunjika tatu, wanadhani zote zimevunjika siku ile ile, lakini karibu theluthi mbili ya pingili zinazovunjika kwa osteoporosisi hazigunduliki wakati zinavunjika, mtu anasema tu mgongo unauma leo, anameza kidonge, maisha yanaendelea. Baada ya muda anaona kapungua kimo na mgongo unaanza kupinda. Kwahiyo mbili za juu inawezekana kabisa ni za miaka mingi na zimeshapona zikiwa zimebonyea vile vile. Eksirei ya kawaida haiwezi kukutofautishia mpya na ya zamani, labda muwe na eksirei yake ya nyuma ya kulinganisha. Kinachotofautisha ni MRI, na wapigaji waambiwe wafanye zile picha zinazozima mafuta ili maji yaonekane, zinaitwa STIR. Pingili mbichi ina maji ndani, inang'aa, ya zamani haing'ai. Kama mama ana kifaa cha moyo kisichoruhusu MRI basi kuna CT pamoja na skani ya mifupa ya nyuklia, zinasaidia vizuri tu. Kumchoma mtu simenti kwenye pingili iliyopona miaka mitano iliyopita ni kumuongezea hatari bila kumpunguzia maumivu hata kidogo, ndio maana nimesema tatu kwa mpigo hapana. Na dokta mwenyewe agonge taratibu kwa kidole kwenye mgongo, maumivu ya mama na pingili inayong'aa kwenye MRI viwe sehemu moja. Visipokutana, yale maumivu yanatoka sehemu nyingine na simenti haitayagusa.

MRI ina kazi nyingine ambayo haitajwi sana kwa wagonjwa, nayo ni kuhakikisha kweli hii ni osteoporosisi. Mtu wa miaka 74 pingili ikibonyea bila kuanguka inaweza kuwa kansa iliyosambaa kutoka kwenye titi, mapafu au figo, inaweza kuwa mayeloma ambayo ni kansa ya ndani ya uboho, inaweza kuwa TB ya mgongo au usaha wa bakteria wengine. Sikutishi, uwezekano mkubwa ni osteoporosisi, ila hivi vinatafutwa kwa makusudi. Mama anakonda bila sababu? Ana homa za jioni, jasho la usiku? Maumivu yanakuwa makali zaidi akiwa amelala katulia? Aliwahi kutibiwa kansa yoyote? Kama kuna ndio mahali popote hapo, dokta ajue kabla hajashika sindano. Na vipimo vya damu sio ghali kulinganisha na madhara ya kukosea: wingi wa damu, ESR (kinachoashiria uvimbe au maambukizi mwilini), kalsiamu, figo, vitamini D, tezi ya shingo, na kile cha protini za damu kinachotafuta mayeloma. Hata siku ya kuchoma simenti, dokta anaweza kuchukua kipande kidogo cha mfupa kwa sindano ile ile kikapimwe maabara, kama kuna shaka yoyote muombeni afanye hivyo.

Tuje kwenye kusubiri, maana kusubiri nayo ni tiba ikifanywa vizuri. Pingili nyingi za hivi maumivu yake yanapungua yenyewe ndani ya wiki 6 mpaka 12. Wengi wa wagonjwa hawa hawahitaji sindano yoyote ya simenti. Shida ni kwamba "kusubiri" kwenye nyumba nyingi maana yake mgonjwa alale, na kulala ndio adui. Mtu mzima akilala wiki mbili misuli inayeyuka, mfupa unazidi kupungua, damu inaganda miguuni, mapafu yanapata nimonia. Kwahiyo kila siku mama aamshwe, hata kama ni kukaa dakika tano mara sita kwa siku, alafu hatua chache na kitembezi, kesho aongeze. Anapoamka asijivute kwenda mbele kama anayekaa kitako moja kwa moja, ageuke ubavu kwanza mwili mzima kwa pamoja, ashushe miguu, ajisukume kwa mikono. Asiiname kuokota chochote, asibebe kitu huku anajipinda.

Dawa za maumivu zipangwe kwa saa, sio anameza akizidiwa. Paracetamol ya kila baada ya saa kadhaa kwa dozi sahihi ndio msingi. Hizi za jamii ya diclofenac na ibuprofen zinafanya kazi lakini kwa mtu wa miaka 74 zinaumiza figo, tumbo na presha, kwahiyo ni siku chache tu na kwa ruhusa ya dokta anayejua historia yake. Za jamii ya morfini au tramadol zinaweza kuhitajika kwa muda mfupi, na zikianza lazima dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo, maana kujikamua chooni na pingili iliyovunjika ni mateso, na pia mumwangalie kizunguzungu asije akaanguka akavunja nyonga. Kuna kalsitonini, wiki nne za mwanzo baada ya kuvunjika inaweza kupunguza maumivu, yeye muda huo umeshapita. Mkanda wa mgongo avae akiwa ameamka, avue akilala, na usiwe wa miezi na miezi maana misuli inazoea kubebwa.

Sasa simenti yenyewe. Hii ilianza Ufaransa mwaka 1984, madaktari Galibert na Deramond wa mji wa Amiens walimchoma mgonjwa mwenye uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya pingili ya shingo, maumivu yakapungua, baadae ndio ikahamia kwenye osteoporosisi. Inaitwa vetebroplasti. Mgonjwa analazwa kifudifudi, anapigwa ganzi pamoja na dawa ya kumtuliza, au nusu kaputi kutegemea na hali yake, alafu dokta anaingiza sindano nene kupitia nguzo ya nyuma ya pingili huku anaangalia eksirei ya papo hapo kwenye skrini, akifika katikati ya pingili anasukuma simenti ya mifupa ikiwa bado laini, mililita chache tu, ndani yake imechanganywa na dawa inayoonekana kwenye eksirei ili aone inakwenda wapi. Inaganda ndani ya dakika chache. Mgonjwa analala chali saa moja au mbili, anaamshwa, wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Hakuna mshono wa maana, ni tundu dogo.

Kifoplasti ni ndugu yake, ilianza mwishoni mwa miaka ya 90. Hapo kabla ya simenti kunaingizwa puto dogo ndani ya pingili, linajazwa ili kuinua pale palipobonyea na kutengeneza nafasi, linatolewa, simenti inajazwa kwenye hiyo nafasi. Faida yake ni kurudisha kimo kidogo na simenti kuvuja kidogo zaidi kwasababu inawekwa ikiwa nzito, hasara yake ni bei. Kwa upande wa maumivu tofauti ya hizi mbili sio kubwa, kwahiyo msikubali kusukumwa kulipa mara kadhaa zaidi kwa ahadi kwamba mgongo utanyooka kama zamani. Kimo kinachorudi ni milimita, na kwenye pingili iliyokaa miezi hakirudi kabisa.

Inasaidia kweli? Hapa madaktari wenyewe tumegawanyika na nadhani una haki ya kujua kwanini, maana hao madokta wawili wa mama yako kila mmoja ana utafiti wa kushika mkononi. Mwaka 2009 zilitoka tafiti mbili siku moja kwenye jarida moja kubwa la Marekani, moja ya Australia yenye wagonjwa 78 na nyingine iliyoongozwa kutoka Marekani yenye wagonjwa 131. Walifanya kitu kigumu kidogo: nusu ya wagonjwa walichomwa simenti kweli, nusu walifanyiwa maigizo, yaani wakapigwa ganzi, wakabonyezwa mgongo, hata harufu ya simenti ikasikika chumbani, ila simenti haikuingia. Matokeo yakawa sawa pande zote mbili, wote walipata nafuu. Ulimwengu wa upasuaji wa mgongo ulitikisika. Waliokuwa wanachoma wakalalamika kwamba wengi mle ndani walikuwa na pingili za miezi mingi, mpaka mwaka mzima, na kwamba hao sio watu wanaotakiwa kuchomwa. Mwaka uliofuata utafiti wa Uholanzi wa wagonjwa 202 wenye pingili za chini ya wiki sita ukaonyesha simenti inashinda matibabu ya kawaida, lakini hapo hapakuwa na maigizo, kila mtu alijua kapewa nini, na mtu akijua kapata tiba kubwa anajisikia vizuri zaidi, hilo ni la kibinadamu kabisa. Mwaka 2016 Australia wakaja na mwingine, wagonjwa 120, pingili chini ya wiki sita, maumivu kuanzia 7 kwa 10, na maigizo yakiwepo: baada ya siku 14 waliochomwa simenti asilimia 44 walikuwa na maumivu chini ya 4, waliofanyiwa maigizo asilimia 21. Mkasema basi limeisha, 2018 Uholanzi hao hao wakatoa wa wagonjwa 180 wenye maigizo, pingili changa pia, na tofauti ikapotea tena. Uchambuzi mkubwa wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, wa mwaka huo huo ukasema simenti isiwe tiba ya kawaida kwa kila mtu.

Mimi hizi tafiti nazisoma hivi. Ukichukua kila mtu mwenye pingili iliyobonyea ukamchoma, utakuwa umechoma watu wengi ambao wangepona wenyewe, na wachache utawaumiza. Lakini kuna kundi dogo, wale ambao pingili ni mbichi, maumivu ni makali sana, wapo kitandani au wodini, na dawa zilizopangwa vizuri zimeshindwa, hao nawaona wananufaika na kinachowaokoa ni kurudi kutembea mapema. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, wa mwaka 2013 unakaa hapo hapo, unaziruhusu hizi tiba kwa wenye maumivu makali yanayoendelea baada ya pingili kuvunjika karibuni na hazijaunga, licha ya dawa za maumivu kupangwa ipasavyo. Wenzetu wa chama cha mifupa cha Marekani mwaka 2010 walipendekeza vetebroplasti isifanywe kwa wagonjwa ambao neva zao ni nzima. Mnaona wenyewe ugomvi ulivyo. Kuna pia wale ambao pingili yao imeshindwa kuunga, ndani kumebaki uwazi wenye hewa au maji na pingili inacheza mtu akisimama, MRI na CT zinaionyesha, hao hata miezi ikiwa imepita simenti inawafaa kwasababu inaziba ule uwazi na kuzuia kucheza.

Mama yako yuko wiki ya tano, hawezi kukaa. Ningekuwa mimi nampanga hivi: MRI na damu wiki hii, dawa za maumivu kwa saa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aanze leo, alafu siku saba mpaka kumi tumtazame. Kama anakaa nusu saa, anatembea mpaka chooni, maumivu yanashuka, simuchomi, hata kama bado yanauma. Kama amebaki pale pale na L1 inang'aa kwenye MRI, namchoma L1 peke yake na sitaki tufike miezi mitatu tangu avunjike tukiwa tunabishana, maana muda unavyokwenda faida inapungua.

Hatari zake nazo mzijue kabla ya kusaini. Simenti kuvuja nje ya pingili ni kitu cha kawaida, mara nyingi haileti dalili yoyote, inaonekana tu kwenye picha. Ikivujia nyuma kwenye njia ya neva inaweza kubana na kuleta udhaifu wa miguu, na hapo upasuaji wa haraka unahitajika. Ikiingia kwenye mishipa ya damu inaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu, nadra kuwa mbaya lakini imeshaua watu. Maambukizi ni nadra. Pingili za jirani kuvunjika baadae linabishaniwa sana, kama ni simenti ngumu inayoziumiza au ni ugonjwa wenyewe unaendelea, mimi naamini sehemu kubwa ni ugonjwa unaendelea bila kutibiwa. Asiyepaswa kuchomwa ni mwenye maambukizi mwilini, mwenye damu isiyoganda ambayo haijarekebishwa, mwenye vipande vya mfupa vinavyobana neva, na yule ambaye anaendelea vizuri. Kama mama anameza dawa za kuyeyusha damu, waambieni mapema, na asizikate mwenyewe bila kuelekezwa.

Kaka yako anataka vyuma, na namuelewa, anataka kitu cha uhakika. Ila kwenye osteoporosisi vyuma ndio visivyo na uhakika. Skrubu zinakamata kwa nguvu ya mfupa, mfupa ukiwa dhaifu zinalegea, zinang'oka, au pingili ya juu ya mwisho wa vyuma inavunjika na mgongo unaanza kupinda hapo juu, ukarudi tena theatre kwa mtu wa miaka 74. Ili zishike tunalazimika kufunga pingili nyingi zaidi, mbili juu na mbili chini ya iliyovunjika au hata zaidi, na kumimina simenti kupitia skrubu zenye matundu. Ni masaa kadhaa ya nusu kaputi, damu inapotea, moyo na mapafu vinajaribiwa. Nafanya upasuaji huu nikiwa na sababu: neva zinabanwa na miguu inaishiwa nguvu, ukuta wa nyuma umepasuka na mgongo hauna uthabiti, mgongo unazidi kupinda picha baada ya picha, au pingili isiyounga imeanza kubana. Hapo sisiti, hata umri ukiwa mkubwa, maana kupooza kunaua taratibu. Kwa mama yako hujataja hata moja ya hizo.

Na sasa lile nililokuomba usome mara mbili. Simenti inashika pingili moja. Osteoporosisi ipo kwenye pingili zote, kwenye nyonga, kwenye mkono. Katika utafiti uliochapishwa 2001, wanawake waliovunjika pingili, karibu mmoja kati ya watano alivunjika nyingine ndani ya mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja. Mama yako tayari ana tatu, yuko kwenye hatari kubwa kabisa, na kitu kinachoniumiza kuliko vyote kwenye kazi hii ni kuona mgonjwa kachomwa simenti vizuri, karudi nyumbani anatembea, hakuna aliyemuandikia dawa ya mifupa, miezi minane baadae karudi na pingili mbili mpya. Kwa mtu aliyevunjika pingili hivi hatusubiri hata DEXA, kile kipimo cha uzito wa mfupa, itoe namba ndio tuanze, DEXA ifanyike ili tuwe na pa kulinganishia lakini utambuzi umeshapatikana kwa pingili zenyewe.

Dawa zipo za makundi mawili. Zinazozuia mfupa kuliwa: alendronate kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki, kinamezwa asubuhi tumbo tupu na glasi nzima ya maji, alafu nusu saa mtu asilale wala asile, ambalo kwa mama asiyeweza kukaa kwa sasa ni tatizo maana kidonge kikikwama kinachoma koo. Kwahiyo dripu ya asidi ya zoledroniki miligramu 5 mara moja kwa mwaka inaweza kumfaa zaidi, figo zikiwa nzima na vitamini D ikiwa imesharekebishwa, na kwenye utafiti wake mkubwa wa 2007 ilipunguza pingili mpya kwa asilimia 70 ndani ya miaka mitatu. Kuna denosumabu, sindano ya chini ya ngozi kila miezi sita, nzuri sana, ila ina sharti ambalo naliandika hapa kwa msisitizo: haiachwi ghafla. Ikichelewa au ikiachwa bila kuwekewa dawa nyingine ya kuipokea, mfupa unaliwa kwa kasi na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mkupuo. Kama mama aliwahi kuchomwa hiyo na akaacha, mwambieni dokta leo, kwasababu hiyo inabadilisha kila kitu, na mtu wa aina hiyo ukimchoma simenti kabla ya kuurudisha mfupa kwenye dawa kuna hatari pingili zingine zikafuata.

Kundi la pili ni zinazojenga mfupa, teriparatidi ya kila siku chini ya ngozi, au romosozumabu ya kila mwezi kwa mwaka mmoja ambayo haipewi mtu aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya mwaka. Kwa mtu mwenye pingili tatu, kama uwezo upo, mimi ningeanza na hizi za kujenga kisha nifuatishe na za kuzuia. Utafiti wa 2018 uliolinganisha teriparatidi na kidonge cha risedronate kwa wanawake waliokwisha kuvunjika pingili ulionyesha teriparatidi inazuia pingili mpya vizuri zaidi. Ni ghali, hilo halifichiki, na kama haiwezekani basi zoledroniki ni bora mara mia kuliko kukaa bila kitu. Kalsiamu na vitamini D ni za kusindikiza, peke yake hazitoshi. Meno yakaguliwe kabla ya kuanza, kama kuna la kung'oa ling'olewe mapema. Na ziangaliwe dawa zake zingine, hasa kama anatumia vidonge vya prednisolone kwa pumu au viungo, hizo zinakula mfupa.

Mama akiuliza kama mgongo utarudi kunyooka, mwambieni ukweli. Pingili iliyobonyea itabaki imebonyea, simenti haiirudishi na mkanda hauirudishi. Kinachoweza kurudi ni misuli ya nyuma ya mgongo, ile inayomvuta mtu asimame wima, na hiyo inafundishika hata miaka 74: maumivu yakishashuka, mazoezi ya kujinyoosha kwenda nyuma, sio ya kuinama mbele, kila siku, chini ya mtu anayejua. Nitumie majibu ya MRI na damu yakitoka, na uniandikie pia anameza dawa gani zote, hata za presha.